Maji ya Makoko

Mkutano ulikaa mbele ya ghala la korosho, jua la Oktoba likiwa utosini, na siku hiyo hakuna aliyesinzia. Watu walikuwa na kiu. Kati ya injini mbili zilizokuwa zikisukuma maji kutoka bondeni mpaka huku juu, moja ilikuwa imekufa. Fundi alikuja, akaifungua, akaguna, akaondoka na kipande cha chuma ndani ya gunia akisema kingine kama hicho kitaagizwa Dar es Salaam. Tangu hapo bomba la kijiji lilitoa maji asubuhi tu, tena kwa kukohoa, kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake.

Mwalimu Ambakisye alisimama kusoma amri. Ndiye aliyekuwa katibu wa kijiji, ndiye aliyeiandika, na sauti yake ilikuwa nzuri; hata wazee waliopenda Chimakonde kuliko Kiswahili walikaa kimya kumsikiliza. Alisoma kwamba kila nyumba itapata ndoo mbili kwa siku, basi. Ni marufuku kufyatua matofali. Ni marufuku kuosha baiskeli. Ni marufuku kumwagilia mimea ya aina yoyote.

"Na mikebe ya Mama Mwalimu je?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Aliyeuliza alikuwa Severina, mama yake Marko, mwanamke mrefu wa makamo ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Ambakisye akangoja kicheko kiishe, akakunja karatasi yake taratibu.

"Amri haina mke," akasema. "Wala haina shemeji."

Wakampigia makofi. Mzee Bwanali, balozi wa nyumba kumi zao, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Ambakisye akaketi, kifua kimejaa. Hakumtazama Justina mkewe, aliyekaa upande wa wanawake, ameinamisha uso, anachora mchanga kwa kidole.

Mikebe yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba yao, kati ya jiko na bafu, mahali ambapo ungetandika mikeka miwili na wa tatu ukakosa nafasi. Kijiji kilikuwa kipya. Mwaka ule ule wa sabini na nne watu walitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika katikati ya mikorosho, wakapangwa kwa mistari, kila nyumba na kiwanja chake cha mchanga mwekundu. Mashamba yakabaki mbali. Zamani mwanamke wa huku alitoka jikoni, akachuma kisamvu, akarudi chungu hakijachemka. Sasa mboga ya mchana ilitaka safari ya asubuhi nzima.

Justina, aliyezaliwa Tukuyu, ambako mvua hunyesha mpaka watu wakaisahau, alishindwa kuuvumilia uchi wa kiwanja kile. Aliokota makopo ya maziwa, debe lililotoboka, karai lisilo na mshikio, sufuria lililotoka kitako. Akajaza udongo na samadi ya mbuzi. Akasia mchicha, akapanda nyanya na bilinganya. Pale maji ya kuogea yalipotokea akachomeka matembele, na boga moja likapanda mpaka juu ya paa la jiko, likakaa huko kama lenye nyumba.

"Unalima kwenye makopo kama watoto wanaojipikilisha," Ambakisye alikuwa akimtania. Lakini chakula kikiletwa, alikuwa wa kwanza kunawa.

Jioni ile baada ya mkutano, Justina alimwekea ugali wake, akasema tu, "Umesema vizuri leo." Ambakisye alitamani wagombane.

Justina alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza hazikukaa. Ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina la mtoto. Kijiji kizima kilimwita Mama Mwalimu.

*

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Justina alirudi kutoka bombani, akaitua ndoo polepole ili tone lisimwagike, kisha akaanguka yeye. Ambakisye alipotoka na chaki mfukoni, tayari kwenda shuleni, alimkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, khanga imelowa damu.

Mganga wa zahanati alimlaza, akamfungua macho kwa kidole gumba, akatazama ndani ya kope.

"Mtoto bado yupo," akasema. "Lakini huyu mama hana damu. Alale. Asinyanyue ndoo, asipige mchi, asiiname. Vidonge vya damu vimekwisha, sijui vitakuja lini. Maini mtapata?"

"Nitapata wapi maini, Bwana Mganga?"

"Basi majani. Mchicha, matembele, majani ya kunde. Kila siku, Mwalimu, si kwa kuonja. Kiangazi hiki sijui utayatoa wapi."

Ambakisye alijua yatatoka wapi. Kijiji kizima siku zile kilikula mboga kavu, na kwa wengine ugali ulishuka kwa chumvi. Mboga mbichi ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye mikebe aliyoipiga marufuku kwa mdomo wake mwenyewe.

*

Kesho yake alfajiri aliweka ndoo yake kwenye foleni. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaficha mdomo kwa khanga.

"Shikamooni," Ambakisye akasema.

"Marahaba, Mwalimu," Severina akaitika. "Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuchota maji, Mama Marko."

"Haya, chota. Leo tutaona ya Firauni."

Zamu yake ilipofika, alijitwika ndoo kama alivyoona wenzake wakifanya, bila kata ya kichwani. Hatua chache tu maji yakamwagikia shingoni, yakateremka mpaka ndani ya viatu. Kicheko kikamfuata nyuma. Wanafunzi wake wawili wa kike, waliokuwa kwenye foleni ileile, waliinama kutazama vidole vya miguu yao. Mwanamke mmoja tu hakucheka: Paulina, mama yake Anselmo, aliyevuka Ruvuma na mwanawe mgongoni wakati wa mabomu ya Wareno, akaishi upande huu tangu hapo. Alimfuata, akafungua upande wa khanga aliyojifunga kichwani, akaikunja duara, akamwekea utosini bila kusema kitu.

Ambakisye akajifunza. Alijifunza kusonga ugali usio na madonge, na kwamba moshi wa kuni mbichi hauheshimu mtu mwenye cheti. Asubuhi alipika uji, akaenda kufundisha, mapumziko akakimbia nyumbani kumtazama mkewe, akarudi. Maji ya ndoo mbili yaligawanyika hivi: ya kunywa na kupikia, ya kumwogesha mgonjwa, na yaliyobaki ya kufua vile vitambaa. Damu ilikuwa haijakatika kabisa. Vitambaa alivifua nyuma ya jiko, amechuchumaa, amegeuzia mgongo njia, na alivianika ndani ili watu wasivione.

Mikebe haikupata kitu. Nyanya zilijikunja kwanza. Kisha bilinganya. Mchicha ulilala ubavu mchana, ukainuka kidogo jioni, siku ya pili hata jioni haukuinuka.

"Mchicha wangu unaendeleaje?" Justina akauliza kutoka kitandani.

"Upo," Ambakisye akajibu. "Unaendelea."

Justina akamtazama. "Mbona leo umeleta majani manne tu?"

*

Kesho yake asubuhi Ambakisye alisimama mbele ya mikebe akiwa na kata ya maji mkononi, maji safi, ya bomba. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akamwaga kidogo kwenye debe la mchicha. Udongo ukafyonza kwa sauti, kama mtoto anyonyaye. Akamwaga kwenye karai. Alipoinua kata mara ya tatu, akaona vidole vya miguu pembeni mwa jiko.

Severina alikuwa amesimama pale, ana kapu tupu kichwani, yuko njiani kwenda shamba.

"Amri haina mke, Mwalimu?"

Ambakisye alifungua mdomo, na ile sauti yake nzuri haikutoka. Kando yake beseni lilikuwa na vitambaa alivyokuwa hajamaliza kufua, na maji ya beseni yalikuwa mekundu. Hakuwahi kuyafunika. Severina aliyatazama yale maji, akautazama mkono wa mwalimu uliochubuka kwa sabuni ya mche, akaitazama mikebe.

"Ni dawa yake," Ambakisye akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mganga amesema majani. Sina mahali pengine pa kuyapata."

Severina alirekebisha kapu, akaenda zake.

Siku nzima Ambakisye alingoja kuitwa. Kila aliyepita dirishani mwa darasa alionekana kama mjumbe. Hakuitwa. Kesho yake hakuitwa. Bombani wanawake walimsalimu kama kawaida, na Severina alimkaripia kwa kuweka ndoo vibaya kwenye mstari, basi. Akatambua kwamba Severina hakumwambia mtu. Hilo lilimchoma zaidi. Angesema, Ambakisye angekuwa na mtu wa kumchukia.

Ijumaa, nyumba kumi zilipokutana kwa Mzee Bwanali kusikia habari za injini, na habari zenyewe zikawa kwamba hakuna habari, Ambakisye akanyoosha mkono.

"Mzee wangu, kuna mtu amevunja amri ya maji. Amemwagilia mimea kwa maji ya bomba. Mtu huyo ni mimi."

Severina akafyonya kwa nguvu.

"Nani kakuuliza?" akasema. "Hebu jamani! Mtu nimeukamata mdomo wangu tangu juzi, mdomo wangu mimi, mnanijua, umeniuma mpaka leo, halafu yeye anasimama na kujitangaza!"

Hapo kicheko kikaja, lakini hakikuwa kile cha bombani. Mzee Bwanali alingoja. Alikuwa mtu wa haki, na kwake pia kulikuwa na wajukuu waliolala na kiu.

"Mwalimu," akasema, "umeisoma mwenyewe, nasi tukapiga makofi. Siwezi kuigeuza kwa sababu ni wewe. Kesho nyumba yako itachukua ndoo moja."

"Ni haki, Mzee."

"Na mimea isimwagiliwe."

"Isimwagiliwe."

Severina akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni kama mtu anayeingia kazini.

"Mimi nina swali la sheria, Mzee Bwanali. Sufuria langu la ugali likishika makoko, naliloweka. Asubuhi naliosha. Yale maji niliyooshea, ni ya serikali au ni yangu?"

Mzee Bwanali akafikiri. "Ni yako."

"Nikiyamwaga kwenye jalala?"

"Ni yako, mwaga."

"Nikiyamwaga nyuma ya nyumba ya Mama Mwalimu?"

Mzee alijikuna kidevu muda mrefu, na walioketi karibu naye waliona anazuia tabasamu.

"Amri imesema maji," akasema. "Makoko haikuyataja. Mwalimu, uliyataja?"

"Hapana, Mzee," Ambakisye akasema, na akalazimika kutazama pembeni.

*

Wa kwanza kupiga hodi alikuwa Paulina, na chungu chenye maji yaliyonuka dagaa. Severina akaja na sufuria lake. Nyuma yao wakaja wengine: huyu maji aliyooshea mchele wa mgonjwa wake, yule maji ya kuchemshia mihogo, mwingine kikombe tu, kwa sababu kwake hakukuwa na zaidi, akakibeba kwa mikono miwili kama anapeleka mafuta.

Justina alisikia sauti zao nyuma ya ukuta. Alipoelewa wamekuja kufanya nini, alijigeuza akatazama ukutani.

"Waambie wasilete," akamwambia mumewe. "Ninaona aibu. Nilipofika hapa nilikuwa nikisuuza kikombe, natupa maji barazani, na wao wananitazama. Sikujua yalikotoka. Sasa leo waniletee yaliyosalia kwao?"

Severina alikuwa amesikia. Kuta za nyumba zile hazikuficha kitu. Akaingia bila hodi, akakaa ukingoni mwa kitanda, kikalia.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimezika watoto wawili. Wa kwanza nilikataa kusaidiwa, nikasema nitaweza. Sikuweza. Wewe lala hapo, uone aibu yako vizuri, hakuna anayekukataza. Lakini mboga utakula."

Justina akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia kwa zile mimba mbili, na Severina akamshika mguu juu ya shuka mpaka akamaliza.

"Ndaga fijo," Justina akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kwetu ndiyo asante sana."

"Ndaga," Severina akajaribu, akaionja. "Haya. Ndaga. Sasa niambie, haya ya dagaa tunamwaga wapi?"

Tangu siku hiyo Justina aliitawala bustani yake akiwa amelala. Maji ya mchele kwenye nyanya. Ya chumvi yasikaribie mchicha. Yenye sabuni, mtupie boga, lile halichagui. Paulina alipoona makopo yameshika moto wa jua, aliyahamisha yote ubavuni mwa jiko, kwenye kivuli, akayafukia nusu ardhini.

"Kule msituni tulipanda chini ya miti, ndege za Wareno zisituone," akasema. "Tukaona bamia zenyewe zinapenda. Mchana jua halizinyonyi."

Mchicha ukainuka. Haukuwa mwingi, kila jioni lilipatikana fungu moja, na siku nyingine nusu fungu. Ambakisye aliupika kwa korosho zilizotwangwa, alizoletewa na Mzee Bwanali ndani ya kofia yake, akakaa kumtazama mkewe akila mpaka mwisho. Wanawake waliokuja na maji hawakuondoka mara moja. Walikaa barazani wakimenya mihogo, wakimsimulia Justina habari za bombani, ili asione kama dunia imemwacha. Hakuna aliyeomba jani. Justina alipompa Paulina konzi ya matembele ampelekee Anselmo, Paulina aliirudisha jikoni kimyakimya.

Damu ikakatika. Siku moja mganga alimfungua tena kope, akatazama, akasema, "Hee." Kwa mganga yule, hilo lilikuwa neno kubwa.

*

Fundi alirudi na chuma chake mwishoni mwa Novemba, na baada ya siku chache mvua ikafika, kana kwamba vilikuwa vimekubaliana kuchelewa pamoja. Watu walitoa vyungu, masufuria, hata mabeseni ya kuogea, wakayapanga chini ya mapaa. Ambakisye alisimama uani amelowa chapachapa, anacheka peke yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa Januari, mdogo, mwenye kelele. Wazee wa Tukuyu walikuwa na majina yao, lakini kijiji hakikungoja barua. January, wakasema, na January akawa. Asubuhi ile ile Severina alisimama mlangoni akaita, "Hodi kwa Mama January!" Justina hakuitika. Ilibidi aitwe mara ya pili ndipo atambue kwamba ni yeye.

Arobaini ilipotimia, Justina alipika mwenyewe. Bustani ya mikebe ilikuwa imemwagika nje ya mikebe, imevuka bafu, imeshika ukuta. Alipika mchicha kwa korosho, matembele kwa nyanya, bilinganya za kukaanga, ugali wa muhogo wa kutosha watu na mabaki. Wanawake wa nyumba kumi walijaa barazani. Mzee Bwanali alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Paulina alikuja na nguo yake nzuri. Wenzake waliovuka Ruvuma walikuwa wameanza kuzungumza habari za kurudi kwao, maana vita vilikuwa vimekwisha, na kila mtu alimtazama kidogo zaidi ya kawaida.

Chakula kilipotengwa, Ambakisye akasimama. Watu wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wakiipenda sauti yake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu juzi: kuhusu ujamaa, kuhusu udugu, kuhusu mgeni na mwenyeji.

"Ndugu zangu," akasema. "Mama zangu."

Akawatazama. Akamwona Severina amembeba January, anamnusa kichwani. Yale maneno aliyoyapanga yalionekana kama ya mtu mwingine. Akajaribu tena, "Mama zangu," na hapo pakaishia.

"Mwalimu," Severina akasema kwa upole usio wake, "ugali unapoa."

Ambakisye akaingia ndani. Watu wakadhani ameona haya, wakaanza kuzungumza mambo mengine ili kumsitiri. Lakini alitoka na beseni na birika lililojaa maji safi mpaka mdomoni. Kazi ile ilikuwa ya mabinti, na binti mmoja alinyanyuka haraka kumpokea. Alimkatalia kwa kichwa. Akapiga goti mbele ya Severina, akaweka beseni chini.

Severina alimtazama. Akampitisha mtoto kwa Paulina, akanyoosha mikono. Ilikuwa mikono mikubwa, migumu, yenye utomvu wa korosho uliokauka kwenye mistari ya viganja. Ambakisye akainamisha birika, akamnawisha polepole, bila kubana, mpaka maji yakapita viganja yakafika vifundoni mwa mikono. Kisha akasogea kwa Paulina. Kisha kwa aliyeleta kikombe. Hakuruka hata mmoja, na birika lilipokwisha, alikwenda kulijaza, akarudi.